Kufuli Jekundu la Nev

Kataa ukitaka, kataa hata uape, lakini nakwambia kufuli jekundu lisilojaa kiganja lilimwokoa mtu mzima wa kilo mia moja aliyekuwa kilomita elfu moja na mia tatu kutoka hapa nilipokaa, na lisingemwokoa kama si mimi, Brodie Kessell, fundi wa mkanda namba mbili, fundi bora chini ya miaka thelathini katika migodi yote ya Pilbara, huku Australia, na sisemi kwa kujisifu, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na tano na mwalimu mkuu akanifungulia geti kwa mkono wake mwenyewe, waulize wote humu ndani, watakwambia Brodie ndiye aliyemwokoa mzee Nev, wiki tatu sasa sijanunua bia yangu mwenyewe, halafu leo tunaletewa huyu mama wa viatu vipya, Philippa, kashuka na ndege ya alfajiri kutoka Perth, kasimama mbele ya friji yetu ya chakula kama anailinda, anagawa kadi nyeupe na penseli, penseli, watu wazima kumi na wawili wenye vumbi jekundu mpaka ndani ya masikio tunapewa penseli, anasema "Chora duara. Ndani andika yaliyo mikononi mwako. Nje andika yasiyo mikononi mwako. Mna dakika tano, msikimbilie," eti kampuni imegundua hatuna furaha, imegundua, kana kwamba furaha ni bolti iliyolegea na mtu kapita na tochi akaiona... nimechora, haya, duara langu limekaa kama yai lililokanyagwa, na Hohepa ubavuni kwangu, yule Mmaori wa New Zealand mwenye mikono kama makasia, anachungulia, "Dogo, hilo ni duara au ramani ya kwenu?" "Chunga lako, kaka." "Langu zuri. Ndani nilimwandika mke wangu. Nimemfuta, nimemhamishia nje," anacheka kwa pua, na siku nyingine ningecheka, ningemjibu kitu cha kumchoma mpaka jioni, mfalme wa utani hapa kambini ni mimi, lakini leo siwezi, kwa sababu ya vitu viwili vilivyo mezani mbele ya huyu mama, simu ya Dunstan msimamizi wetu, imelala chali, na kufuli la Nev, lile lile, limekatwa shingo kwa mashine, na lebo yake ya plastiki bado imeshikilia, jina, Neville Prowse, na picha yake ya miaka ishirini iliyopita akiwa bado na nywele, ananitazama, nani kaligeuza upande wangu, meza nzima ile na likageuzwa upande wangu... huyu mama anasema hapo zamani Ugiriki kulikuwa na watu waliokuwa wakifundishana barazani, wakaona kwamba mahangaiko mengi ya binadamu yanatokana na kosa moja, kuhangaikia kisicho mikononi mwake, barazani, kivulini, nani asingeona mambo akiwa kivulini, waje hapa saa nane mchana chuma kikiunguza kupitia glavu tuone wataona nini, na analishika kufuli la Nev kwa vidole viwili, vidole safi, anasema "Chukueni mfano wa mwenzenu. Alisahau. Kusahau hakukuwa mikononi mwake, na kosa hilo hilo ndilo lililomwokoa. Sasa kuna faida gani mtu kujilaumu?" na Dunstan anaitikia kwa kichwa kama kondoo, alisahau, wanasema alisahau, mama, hujui unachokishika, weka chini kitu hicho.

Asiyewahi kufanya kazi kwenye mkanda hawezi kujua, mkanda wetu unabeba mawe ya chuma kilomita nne mfululizo, unaweza kumla mtu na usitikisike, kwa hiyo kabla hujaingia unazimwa, na kila anayeingia anafunga kufuli lake mwenyewe kwenye sanduku la swichi, kufuli lina jina lake na sura yake, ufunguo ni mmoja duniani na unakaa mfukoni mwake, ukitoka unalitoa, na hata moja likibaki mkanda hauwashwi, hata aje waziri mkuu na bendi, kwa sababu kufuli maana yake kuna mtu yumo, na yule mjinga anayepanda ndege kwenda mapumziko na kufuli lake limebaki linaning'inia, lazima atafutwe, lazima sauti yake isikike ikisema sipo huko, ndipo likatwe, na akirudi analetea kambi nzima kreti la bia na anasemwa mwezi mzima, nimewaona wanaume wenye ndevu wanakula chumbani kwao kwa kukimbia kusemwa, na Nev, miaka thelathini na moja, hajawahi, hata mara moja, kwa sababu Nev ana namna yake, akifunga analigonga mara mbili kwa kidole anasema "Nimo," akilitoa analigonga tena anasema "Nimetoka," kwa sauti, kama mtu anayeaga mlango, wote tunamcheka, mimi ndiye ninayemwigiza vizuri kuliko wote, mpaka wapishi huniomba nimwigize, na ni yeye huyo huyo aliyenifundisha, wiki yangu ya kwanza, nina miaka kumi na tisa, gurudumu la chuma la kilo hamsini lilipodondoka hatua mbili kutoka kichwani kwangu nikaenda kutapika nyuma ya tangi la maji, sikulia, nilitapika tu, machozi yalikuwa ya kutapika, akanikuta, hakucheka, hakuniuliza unajisikiaje kama huyu mama, alikaa juu ya ndoo akasema "Hofu usiifukuze, mwanangu, itakushinda mbio. Ifungie pale na kufuli. Ukitoka, sema umetoka, na ukishasema usirudi huko kwa mawazo. Ukianza kurudi kwa mawazo hutalala tena," akaenda zake, hiyo ndiyo falsafa, ile, bila kadi, bila penseli, na nililala, miaka minne nililala kama gogo, mpaka wiki tatu zilizopita.

"Upweke nao," anasema Philippa, anatembea katikati yetu na viatu vyake vinalia kama panya, "upweke si kukosa watu, ni kukosa urafiki na nafsi yako. Ukipatana na nafsi yako hata chumba kitupu kimejaa," haya, Nev alipatana na nafsi yake, sijaona mtu aliyepatana nayo vile, nyumba ya mbao huko Bunbury, mke alishaondoka zamani, hana mtoto, hana mbwa, ana nyanya bustanini na redio, tukimwambia "Babu, oa basi, utakufa na redio," anasema "Redio hainiulizi nakwenda wapi," akaenda nyumbani siku ile zamu yake imeisha, akaweka birika, kiharusi kikampiga palepale jikoni, akalala sakafuni saa kumi na tatu upande mmoja umekufa, na ile nafsi aliyopatana nayo ilikuwa imelala pamoja naye, haikuweza hata kumnyooshea mkono aifikie simu, simu inalia mezani juu yake, analia nayo, iandike hiyo ndani ya duara, mama, au nje, niambie wapi... na wakati huo huku kwetu saa kumi na moja alfajiri, matengenezo yameisha, mkanda uwashwe, kufuli moja limebaki, la Nev, Nev, hakuna aliyeamini, Dunstan anapiga simu, inalia, anapiga tena, saa moja nzima, saa ya pili, meli inasubiri madini bandarini na wakubwa wanafoka, na hawa wote waliojikunja hapa wanachora maduara, hawa hawa, wakasema kajificha, "Mzee kaona aibu, miaka thelathini na moja halafu siku moja inaharibu, mwache apoe," Hohepa naye alisema, alisema "Mimi ningehama nchi," wakacheka, na ni mimi niliyesimama, mimi, nikamwambia Dunstan, Nev hajifichi, pigia polisi wa Bunbury waende kwake sasa hivi, "Polisi, dogo? Kwa ajili ya kufuli?" nikasema piga au lete hiyo simu nipige mwenyewe, na nikaipokonya, kweli, mbele ya watu nikaipokonya mkononi mwa msimamizi, na saa moja na nusu asubuhi wakavunja mlango wa nyuma wakamkuta bado anapumua, daktari akasema masaa machache zaidi yangetosha kumuua, na Dunstan akanikumbatia, yule mtu hakumbatii hata mama yake, akasema "Umejuaje, dogo? Umejuaje?" nikasema moyo uliniambia, na bia zikaanza.

Moyo uliniambia, nimeisimulia hiyo hadithi mara arobaini, kila mara inazidi kunoga, safari ya mwisho nilikuwa nimeshapiga simu hata kabla Dunstan hajaamka, na kila nikifika kwenye moyo uliniambia hawa wanaitikia, "Huyu dogo ana moyo," wapumbavu, wote wapumbavu, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mara ya pili, Dunstan na kichwa chake cha kondoo hajajiuliza, kampuni yenye kamera mpaka chooni haikujiuliza, ilichofanya imekalisha kamati ya afya na kamati ikasema mtu aliyeanza kusahau kufuli hata kabla ya kiharusi ubongo wake ulishaanza kuchakaa, hafai kukanyaga mkanda tena, na Nev hakuomba mkanda, mkono wake wa kulia unajifunza upya kufunga vifungo vya shati, aliomba stoo, akae stoo agawe spana na aseme na watu, basi, wakasema hata stoo hapana, stoo kuna makufuli... "Dogo, hujaandika kitu," Hohepa ananisukuma kiwiko, "andika bia. Andika mimi." "Niache, kaka." "Una nini leo, umekaa kama umemeza nzi," na sina kitu, nina hasira tu, nina hasira na penseli, nina hasira na Wagiriki na baraza lao, nina hasira na Nev, ndiyo, na Nev, kwa nini uishi peke yako kama jongoo, kwa nini uwe mtu wa kutegemea kufuli lisahauliwe ndipo mtu akukumbuke, na kwa nini unipigie mimi, watu kumi na wawili kwenye kikosi, unanipigia mimi, Jumapili nimelala na viatu, "Bro... die," sauti inaburuta mguu, "Mzee wa kambi, mambo vipi, wauguzi wazuri?" hakucheka, "Sikiliza, mwanangu. Nakumbuka nikilitoa. Nakumbuka nikiligonga. Nakumbuka nikisema nimetoka, na nililitia kwenye mkanda wa begi. Daktari anasema ubongo hujitungia mambo, mtu akaapa kabisa. Sasa kama ile ni ya kutungwa, sijui ipi ya kweli. Nyanya zangu, sijui kama nilizipanda. Nikifumba macho naanza upya, nimo, nimetoka, nimo, nimetoka, mpaka wanakuja kunipima presha. Wewe ulikuwa pale siku ile. Uliniona?" na mimi nikamjibu... nikamjibu... "Dakika mbili zimebaki," anasema Philippa, "na mkimaliza kuna jambo zuri," na Dunstan anasimama anafuta mikono kwenye suruali, anasema "Tutampigia Nev kwenye spika. Anasubiri, nimeshamwambia. Kila mmoja atamsomea jambo moja kutoka ndani ya duara lake. Acheni upuuzi, Hohepa, nakuangalia wewe. Mzee amekosa usingizi, atafurahi kusikia sauti zetu."

Kwenye spika, mbele ya watu kumi na wawili na mama mwenye penseli, haya, tuandike basi, tuanze na nje, kiharusi nje, mimi sikumpa mtu kiharusi, mishipa yake mwenyewe na soseji zake mwenyewe, ndege nje, ndege iliondoka kwa saa yake, nyumba tupu nje, simu iliyolia nje, kamati nje, karibu kila kitu kinaenda nje vizuri, wale wazee wa barazani hawakuwa wajinga, ukishaanza kutoa vitu nje unajisikia mwepesi, natoa, natoa, mpaka penseli inafika kwenye vidole vyangu viwili, gumba na cha shahada, na haviendi, nasukuma na haviendi... kufuli linataka ufunguo kufunguliwa, kufungwa halitaki kitu, linataka vidole viwili tu, na lilikuwa wazi, limetundikwa kwenye mkanda wa begi lake kama alivyosema, begi liko chini karibu na sanduku la swichi na Nev kaenda kunawa, na robo saa kabla ya hapo alikuwa amenipa spana yangu mbele ya wote, nilikuwa nimeiacha juu ya fremu, kule juu, ingeshuka na mkanda ingeua mtu, akanipa taratibu, hakupayuka, alisema tu "Umesahau kitu, mwanangu," na wakacheka, Hohepa akasema fundi bora chini ya miaka thelathini, na ningependa kusema sikuumia, nikalichukua kufuli lake nikalibana kwenye sanduku, tk, kidogo hivyo, kwamba na wewe usahau kitu, mzee, na wewe usemwe, nilidhani wataliona mchana ule ule kabla hajapanda ndege, arudishwe mbio na gari, alete kreti, tucheke, tuwe sawa, nani angejua halitaonwa mpaka alfajiri, na ndiyo maana nilijua, Dunstan, hiyo ndiyo umejuaje yako, si moyo, wao wote walidhani kajificha kwa aibu ya kusahau, mimi peke yangu katika dunia nzima nilijua Nev hakusahau kitu, hana aibu ya kujificha nayo, mtu asiye na cha kuficha na hapokei simu yuko chini, nilijua kwa sababu ni mimi, na nikaokoa mtu kwa ushenzi wangu mwenyewe na nikanywea bia, na akipona aone jina lake limegeuka la mtu aliyeanza kuchakaa, na mimi la mtu mwenye moyo... mama anasema kosa hilo hilo ndilo lililomwokoa, sasa kuna faida gani kujilaumu, sawa, nimelijaribu hilo wiki tatu, nimelijaribu kabla hujaja na ndege yako, kila nikilala nalisema, angekufa, bila wewe angekufa, na ni kweli, ni kweli kabisa na haisaidii kitu, kwa sababu angekufa akijua alilitoa, na sasa anaishi hajui, na kufuli maana yake kuna mtu yumo ndani, wamelikata shingo na bado yumo, lakini si Nev, Nev alitoka, aliligonga na kusema kwa sauti ametoka, aliyebaki humo ndani ni mwingine na hana ufunguo na amekuwa akizunguka na mkanda usiku na mchana wiki tatu... nina kazi moja tu ninayoiweza duniani na sheria iko pale ukutani juu ya friji, anayegusa kufuli la mwenzake anaondoka na ndege inayofuata, haulizwi, hakuna kitu kingine chochote katika duara hili, nimelipekua, ni maneno mawili tu na hakuna Mgiriki atakayenisemea, ulilitoa, mzee, nilikuona, ni matatu basi, niliacha shule... "Dakika moja," anasema, na hakuna kilichosogea, kiyoyozi kinanguruma, pai zinazunguka kwenye kabati lao la kioo la kupashia moto, simu imelala chali, Nev ananitazama na nywele zake, kadi yangu nyeupe, na nimejifanya nimeshasimulia yote lakini kuna sehemu nimeiruka, pale mama aliponikatiza na nikafurahi kukatizwa, aliponiuliza uliniona, alikuwa analia, hilo sikulisema, Nev analia, na nilimwona, nilikuwa hatua tatu nyuma yake, nilimwona akiligonga mara mbili na kulitoa na nilimsikia akisema nimetoka, hata nilimwigiza kwa mdomo, na nikacheka kidogo kwenye simu ili lionekane si jambo, nikamwambia, hapana, mzee, nilikuwepo, hukulitoa.